Mistari Miwili Chini ya Jibu

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa tisa na robo alasiri, kompyuta ilifunga moduli ya hesabu mbele ya binti wa dada yangu huku mkono wake ukiwa bado umeshika rula.

Tulikuwa sebuleni kwetu, Soweto, hapa Moshi; yeye mezani, mimi kwenye kochi nikiwa na rundo la madaftari ambayo kwa kweli sikuwa ninayasahihisha. Alikuwa akifanya majaribio ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, ambao umegawanywa katika moduli, yaani vipande vyenye muda wake kila kimoja. Aliufanyia katika Bluebook, programu ile ile atakayoitumia siku ya mtihani wenyewe, na nilikuwa nimemwahidi kwamba sitasema neno mpaka amalize. Zilipobaki dakika tano onyo likatokea kwenye skrini, lakini hakuinua macho. Alikuwa akiandika mstari kwa mstari, alama za usawa zimepangwa wima, kila hatua mahali pake, na alipofika kwenye jibu akachukua rula akapiga mistari miwili chini yake, taratibu, kama tunavyofanya darasani.

Muda ukaishia hapo.

Alikuwa kwenye swali la 16 kati ya 22. Maswali sita yaliyofuata hakuyaona kabisa, na hata hilo la 16, ambalo jibu lake lilikuwa pale kwenye karatasi likiwa limepigiwa mistari, hakuwahi kulibonyeza. Kwa kompyuta yalikuwa maswali saba yaliyoachwa wazi.

"Lakini mjomba, la 16 nimelipata," aliniambia. "Ni 11."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpongeza. Tangu siku ile ni pongezi hiyo, ambayo iliishia kooni, ndiyo imekuwa ikinisumbua.

Swali lenyewe

Swali lilikuwa la aina hii: mchoro wa y = x² − 6x + c na mstari wa y = 2x − 5 vinagusana mahali pamoja tu; tafuta thamani ya c. Majibu ya kuchagua yalikuwa manne.

Njia aliyoichukua ni ile ile ambayo ningeichukua mimi. Alizisawazisha pande mbili, akahamishia kila kitu upande mmoja, akatumia b² − 4ac kuwa sawa na sifuri. Ila alipoihamisha 2x alisahau kubadili alama, akaandika −4x mahali palipostahili kuwa na −8x, na c ikamtokea −1, jibu ambalo halikuwemo kati ya yale manne. Hapo ndipo dakika zilipoanza kuvuja. Alirudia hesabu kwa mwendo ule ule akapata −1 tena, kwa sababu macho yanayolitafuta kosa ndiyo yale yale yaliyolipitia mara ya kwanza. Akageuza karatasi, akaanza upya kwa mwandiko safi, na safari hii akalipata: 64 − 4(c + 5) = 0, yaani c = 11.

Nilitazama saa ya ukutani alipoanza swali hilo na nilipoona anachukua rula. Zilikuwa zimepita dakika tisa.

Jioni ile, baada ya chai, nilimpa yale maswali sita ambayo hakuyafikia. Sikumwekea muda, ingawa niliuangalia kimya kimya. Alipata manne, kwa muda usiofika dakika nane.

Nilihesabu mara mbili ili nijiridhishe. Swali moja lilikuwa limemla maswali manne aliyokuwa anayaweza, na mwishowe lenyewe pia halikuhesabiwa.

Aliyemfundisha

Namwita mama kwa sababu amepewa jina la mama yangu mzazi, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba hata ukaidi wake mbele ya hesabu ameurithi huko. Ukweli ni mwingine. Alisoma katika shule ninayofundisha, akakaa darasani kwangu kidato cha pili na cha tatu, na ni mimi niliyemwambia, yeye na wenzake zaidi ya hamsini, kwamba mtu haliachi swali nusu. Methali ya mvumilivu hula mbivu imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa jengo letu, nami nimeinyooshea chaki mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Sikuwa ninawadanganya. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali 14 kwa saa tatu, wastani wa karibu dakika 13 kwa kila swali, na maelekezo yake yanamtaka mtahiniwa aonyeshe njia zote kwa uwazi. Msahihishaji ni binadamu anayesoma njia hizo, na akiona umekosea alama kwenye hatua ya mwisho, hatua zilizotangulia bado zitakupa kitu. Katika mtihani wa namna hiyo kuandika kwa unadhifu ni kumsaidia anayesahihisha, na kung'ang'ania swali kwa dakika tisa si kosa hata kidogo. Dakika tisa ni chini ya mgawo wa swali moja.

Hesabu za SAT zina moduli mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Ni kama sekunde 95 kwa swali. Hakuna anayeiona karatasi uliyokokotolea. Inakusanywa ukimaliza, na haina hata alama moja. Kinachosomwa ni ule mbonyezo tu.

Kwa hiyo binti aliyekuwa mbele yangu hakuwa mzembe wala hakuwa mzito. Alikuwa mwanafunzi wangu mtiifu, akifanya kwa uaminifu kila nilichomfundisha, mbele ya mtihani ambamo utiifu huo unamgharimu.

Sikumwambia hivyo siku ile. Ilinichukua karibu wiki mbili kukubali mwenyewe.

Dakika 97

Katika wiki hizo mbili nilitafuta kwanza wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni waliotunga mtihani. Nilijiambia kwamba sekunde 95 haziwezi kupima akili ya mtu, zinapima mbio.

Kisha nikasoma historia yake. SAT ya kwanza kabisa, ya mwaka 1926, ilikuwa na maswali 315 kwa dakika 97, yaani sekunde zisizofika 19 kwa swali. Ile ya karatasi, iliyotumika nje ya Marekani mpaka mtihani wa kompyuta ulipoanza huku mwezi Machi 2023, ilikuwa na maswali 58 ya hesabu kwa dakika 80, ambayo ni kama sekunde 83 kwa kila moja. Huu wa sasa, kwa upande wa hesabu, ndio wenye nafasi zaidi. Wastani umekuwa ukipanda.

Hilo lilinitoa kwenye lawama likaniacha na swali gumu zaidi. Ikiwa muda unatosha kwa wastani, mbona unaisha?

Unaisha kwa sababu hakuna anayeutumia kwa wastani. Maswali ya mwanzo ya moduli ya hesabu kwa kawaida ni mepesi, na mtu aliyejiandaa anaweza kuyamaliza kumi ya kwanza kwa dakika kumi, akabaki na dakika 25 kwa kumi na mawili yaliyosalia. Huo ni muda wa kuvuta pumzi. Lakini akiingia kwenye swali moja akakataa kutoka, dakika zote alizozidunduliza huko nyuma zinamwagikia hapo, na anapotoka anakuta maswali mepesi kiasi, ambayo angeyajibu akiwa ametulia, yakimngoja huku mikono ikitetemeka.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolisoma nililazimika kuifunga kompyuta kwa muda. Katika kila moduli yamo maswali mawili ambayo hayahesabiwi. Watunzi wanayajaribu kwa ajili ya mitihani ya baadaye, na mtahiniwa hawezi kuyatambua. Dakika tisa za mtu zinaweza kwenda, zote, kwenye swali ambalo halina alama.

Na moduli ya kwanza ndiyo inayoamua moduli ya pili. Ukifanya vizuri ile ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na alama za juu kabisa zinapatikana kwa wanaopewa hiyo ngumu. Maswali saba yaliyoachwa wazi kwenye moduli ya kwanza yanamfungia mtu mlango wa ya pili kabla hajaufikia.

Nilipokaa mimi

Sikutaka kumshauri juu ya moto ambao sijauota. Usiku mmoja, watoto walipolala, nilikaa kwenye meza ya jikoni nikafanya mtihani mzima: saa mbili na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko ya dakika kumi katikati.

Sehemu ya kusoma na kuandika ilinishinda namna ambavyo sikutegemea. Ni moduli mbili za maswali 27, kila moja dakika 32. Kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno kati ya 25 na 150. Nilipofika kwenye kipande cha shairi la zamani nilikisoma mara nne. Nilijua kabisa kwamba ninapaswa kuendelea mbele. Mimi, mtu mzima ninayelijua kosa hilo, niliyekuwa nimeliandikia maelezo kwenye daftari wiki nzima, nilikisoma mara ya tano.

Nataka nieleze vizuri hisia ile, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo zima. Haikuwa tamaa ya alama. Ilikuwa kama kumwacha mtu njiani. Umeshakaa na swali dakika mbili, umeshalizoea, unahisi kwamba ukiondoka sasa zile dakika mbili zitakuwa zimekufa bure, na kila sekunde unayoongeza inaifanya hisia hiyo kuwa nzito zaidi. Yaani kadiri unavyochelewa kuondoka ndivyo kuondoka kunavyozidi kuuma. Hakuna hesabu inayoweza kuishinda hisia hiyo papo hapo. Inabidi uwe umeshaamua kabla hujaketi.

Jambo la pili nililogundua ni saa yenyewe. Iko juu katikati ya skrini, na niliitazama baada ya karibu kila swali. Kila nilipoitazama nilipoteza uzi wa nilichokuwa ninakisoma. Programu inaruhusu kuificha. Nilipoificha kwenye moduli iliyofuata nilitulia, kisha nikapatwa na hofu ya aina nyingine, ya kutojua niko wapi. Mwisho niliona nafuu ipo katikati: kuificha, na kuifunua kwenye vituo vichache vilivyopangwa. Kwenye hesabu, baada ya swali la 10 na la 16. Kwenye kusoma, baada ya la 9 na la 18, nikitegemea kuona zimebaki kama dakika 21 na kama dakika 10.

"Si nimeiba?"

Nilipomweleza binti haya, hakupinga habari ya vituo wala ya kuficha saa. Alipinga jambo nililolidhani dogo kuliko yote.

Nilimwambia kwamba swali lolote atakalolipita, kabla hajalipita, achague jibu moja na aliwekee alama ya kulirudia. Tangu mwaka 2016 SAT haikati alama kwa jibu la kukosea. Swali lililoachwa wazi na swali lililokosewa ni sawasawa, na penye majibu manne ya kuchagua, kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya nne.

Alinyamaza kidogo. "Mjomba, nikibahatisha halafu nikapata, si nimeiba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfundisha pia hilo: usiandike usichokijua. Darasani huwa ninaweka alama ya kuuliza nyekundu kwenye jibu lisilo na njia, hata likiwa sahihi, na ninamwita mwenye daftari mbele anieleze alilipataje. Ninaendelea kuamini kwamba ninafanya sawa.

Nililala nalo. Kesho yake nilimwambia nilichoweza, nami nilikiamini nilipokisema: kwamba darasani kuacha wazi ni kumwambia mwalimu "hapa sijui," na mwalimu anasikia, anakuja kukaa nawe. Kwenye mtihani huu hakuna anayesikia. Kimya chako hakimfikii mtu yeyote. Waliotunga wanajua kwamba watu watabahatisha, wameliweka wazi, na wamepanga alama zao wakijua hivyo. Hivyo anayeacha wazi anajinyima kitu ambacho wenzake wote wamepewa.

Alikubali kwa kichwa. Sidhani kama alikubali kwa moyo siku ile. Ila Jumamosi iliyofuata hakuacha hata swali moja wazi.

Kila mtihani na adabu yake

Rafiki yangu anayefanya kazi Arusha anajiandaa kwa GMAT ili aende kusoma shahada ya uzamili ya biashara, na nilimpigia simu nikidhani tutazungumza lugha moja. Kwake mambo ni tofauti. Ana sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, na kikokotoo hakiruhusiwi. Hawezi kupita swali bila kulijibu, na akifika mwisho anaruhusiwa kubadili majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu. Asipomaliza, anakatwa. Yule wa SAT anaweza kuzunguka ndani ya moduli anavyotaka mpaka muda uishe.

Nilijifunza kutokana na simu ile kwamba ushauri wa jumla wa "simamia muda wako," ambao sisi walimu tunautoa kwa kila mtahiniwa mlangoni, karibu hauna maana mpaka mtu ajue mlango anaouingia.

Tulichokifanya

Tulifanya mambo machache. Kwanza tuliiondoa rula mezani. Alicheka, lakini wiki ya kwanza mkono wake uliitafuta mara mbili, nikauona ukipapasa kisha ukirudi.

Kisha tukaweka mpaka wa dakika mbili kwa swali la hesabu. Zikifika hajaona njia hadi mwisho, anabonyeza jibu, anaweka alama, anapita. Kwa kuwa saa imefichwa, ilibidi ajifunze dakika mbili zina urefu gani mwilini. Tulizifanyia mazoezi tukiwa kwenye daladala ya kwenda mjini: anafumba macho, anasema "sasa" anapodhani zimetimia. Mwanzoni alisema "sasa" zikiwa zimepita tatu na nusu. Sasa hivi anakosea kwa sekunde kumi au kumi na tano tu.

Tulizungumza pia juu ya njia fupi, na hapa nilivumilia kwa shida. Lile swali la c, kwa mfano: ukiiweka 11 mahali pa c unapata x² − 8x + 16, na yeyote aliyekaa na milinganyo ya kipeo cha pili ataona papo hapo kwamba ni (x − 4)². Kujaribu majibu yaliyopo kungemchukua nusu dakika. Kikokotoo cha michoro kilichomo ndani ya programu kingemchorea vitu vyote viwili akaviona vinagusana. Miaka yote nimeita hiyo njia ya uvivu. Nilipoitazama tena niliona kwamba kuitambua 16 kuwa kipeo cha pili cha 4 kwa kutupia jicho kunahitaji ufahamu ambao mwanafunzi mvivu hana.

Upande wa kusoma, aligundua mwenyewe kwamba maswali ya sarufi, ambayo huja baada ya yale ya ufahamu, anayajibu kwa nusu dakika au pungufu. Sasa akikwama kwenye kifungu kigumu anaweka alama, anakwenda kuyamaliza yale ya sarufi, kisha anarudi akiwa na dakika mkononi.

Ninachokiogopa

Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kichaga cha bibi yake na Kiswahili cha kila siku. Sekunde 71 za kusoma kifungu na kujibu si sekunde zile zile kwa binti wa Boston na kwa binti wa Moshi, na hakuna mbinu ya vituo itakayolifuta hilo. Nimemwambia wazi, ili siku atakapoona alama zake zimelalia upande mmoja asidhani ni akili yake iliyopungua.

Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine. Nimetumia miaka kumjengea mtoto huyu moyo wa kukaa na jambo gumu. Hesabu zote zenye thamani nilizowahi kuzielewa nilizielewa kwa kukaa nazo siku nzima, wakati mwingine wiki, na ninajua kwamba kule anakotaka kwenda kusoma uhandisi hakuna atakayempa majibu manne achague. Sasa kwa wiki sita ninamzoeza kuondoka. Je, nikifanikiwa, moyo ule utarudi mahali pake baada ya mtihani wa mwezi wa kumi? Au nitakuwa nimemfundisha kwamba jambo likizidi dakika mbili, liache?

Sikumwambia hofu hii. Nilimtazama tu.

Jumamosi iliyopita alifanya mtihani mzima wa majaribio kwa mara ya tatu. Kwenye moduli ya pili ya hesabu aliweka alama maswali matatu, la 14, la 18 na la 20. Akayarudia mawili akayapata, na la 20 akalibahatisha zikiwa zimebaki sekunde chache. Alikosa. Hakusema kitu. Alikunja karatasi yake, akamsaidia shangazi yake kumenya ndizi, tukala.

Baada ya chakula umeme ukakatika, nasi wengine tukaenda kulala mapema. Yeye alibaki mezani na taa ya kuchaji na karatasi safi, na swali la 20, la duara lililokatwa na mstari, likiwa amelinakili kwa mkono. Saa nne na nusu bado nilikuwa ninasikia kalamu. Ilinyamaza kwa muda mrefu, ikaanza tena, ikanyamaza.

Kisha nikasikia droo ya meza ikifunguliwa, mahali nilipoificha rula.